Kumsindikiza Jirani Aliyekimbia Vita: Mwongozo kwa Kaya za Mtwara na Lindi

Tangu mashambulizi ya makundi yenye silaha katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yaanze mjini Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na hasa baada ya mji wa Palma kuvamiwa mwezi Machi 2021, watu wa upande wa pili wa Mto Ruvuma wamekuwa wakivuka kutafuta usalama, wengine wakiwa na watoto mgongoni na bila kitu kingine. Kwa wakazi wa Mtwara na Lindi jambo hili si geni. Wazee wetu waliwapokea waliokimbia vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964, na makazi ya Rutamba, mkoani Lindi, yalianzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa wakati huo. Wengine walikuja wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomalizwa kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Katika vijiji vingi vya Newala, Tandahimba na Nanyumbu si vigumu kumkuta mtu mzima ambaye babu yake alifika kwa njia hiyo.

Mwongozo huu ni kwa mtu wa kawaida, yaani mkulima wa korosho, mama lishe, mwalimu au mvuvi, ambaye siku moja anakuta familia ya watu wasiojulikana imejikunyata chini ya mwembe karibu na nyumba yake. Mtu huyo huwa na moyo wa kusaidia lakini hajui aanzie wapi, na mara nyingi huanzia kwenye nguo na unga. Vitu hivyo vinahitajika, ila huisha. Msaada unaodumu, kwa jinsi nilivyouona, ni ule wa kumsindikiza mtu hadi ajulikane na mtendaji wa kijiji, mhudumu wa zahanati, mwalimu na wanawake wa kisimani, kwa sababu mtu anayejulikana ana watetezi hata siku ambayo wewe hupo.

Siku ya kwanza

Toa maji ya kunywa, mahali pa kuoga kwa sitara, na uji. Chakula kitolewe kidogo kidogo na mara nyingi, kwa kuwa mwili uliokaa na njaa siku nyingi porini hauhimili sinia la ugali na samaki kwa mkupuo mmoja. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili apelekwe zahanati siku hiyohiyo, maana uvimbe huo unaweza kuwa dalili ya utapiamlo mkali ambao hautibiwi kwa chakula cha nyumbani. Mahitaji ya wanawake, kama vile pedi au vitambaa safi, nguo za ndani na kanga ya kubadilisha, yapelekwe na mwanamke mwenzao, kimya kimya, bila kuwasubiri wao waombe.

Usimhoji. Wengi wetu huamini kwamba mtu akisimulia yaliyompata atapata nafuu, lakini mtu aliyeona kijiji chake kikichomwa anaweza kuumia upya kila anapotakiwa kuyarudia mbele ya wageni kumi waliokuja kusikiliza. Mwambie pole, mwambie mahali alipofika panaitwaje, mwonyeshe choo kilipo na nani analala chumba kinachofuata, kisha mwache apumzike. Akitaka kuzungumza mwenyewe, kaa umsikilize bila kumkatisha na bila kumwambia kwamba yote ni mapenzi ya Mungu, kwa kuwa neno hilo analo haki ya kulisema yeye kabla yako.

Usimpige picha. Nimewahi kuona picha ya mama na wanawe ikizunguka katika makundi ya WhatsApp ya mji wetu kabla wao wenyewe hawajala chakula cha jioni, na aliyeituma alidhani anawasaidia. Mama yule alilia alipoambiwa, kwa sababu mume wake alikuwa bado upande wa pili na alihofia kwamba wanaomtafuta wangejua familia iliko. Picha ikishatoka hairudi.

Kwa mtendaji, na mapema

Hapa ndipo wema wa watu wengi hukosea njia. Kwa kuogopa kwamba wageni wao watarudishwa, huwaficha, na hivyo huwaweka katika hatari kubwa zaidi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mtu anayeomba hifadhi kujitokeza ndani ya siku saba tangu aingie nchini, na kati ya watu anaoweza kujitokeza kwao yumo mtendaji wa kijiji. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini, na unataka asiadhibiwe kwa kosa la kuingia bila hati tu, ikiwa ametoka moja kwa moja hatarini na amejitokeza bila kuchelewa kueleza sababu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unapanua maana ya mkimbizi ili ihusu pia wanaokimbia uvamizi au machafuko makubwa. Anayejificha wiki tatu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya maelezo yake, hata kama kila alichosema ni kweli.

Kwa hiyo anza na mwenyekiti wa kitongoji, kisha nendeni pamoja kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, ambaye ndiye atawasiliana na maofisa wa uhamiaji na wa wakimbizi. Neno muhimu hapo ni pamoja. Mgeni akienda peke yake, kwa lugha isiyo yake na akiwa na hofu ya kila aliyevaa sare, majibu yake yatakuwa mafupi na yataonekana ya kuficha jambo; akiwa na mwenyeji anayeheshimika pembeni yake, na mkalimani mtu mzima, mazungumzo huwa mengine kabisa. Usimtumie mtoto wake kuwa mkalimani katika mahojiano hayo, hata kama mtoto ndiye anayejua Kiswahili vizuri, kwa sababu kuna mambo ambayo mzazi hawezi kuyasema kupitia kinywa cha mwanawe.

Kabla ya kwenda, msaidie kukusanya kila karatasi aliyonayo, hata iliyolowa: kitambulisho cha Msumbiji, kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha shule, kadi ya mpiga kura. Karatasi zilizolowa zikaushwe kivulini na zitiwe katika mfuko wa plastiki. Andikeni katika daftari majina ya wote waliofika, yaandikwe kwa herufi zilezile zilizo katika hati zao, kwa kuwa anayeitwa João akiandikwa Juawo ofisi moja na Yohana ofisi nyingine, siku moja ataonekana kuwa watu watatu. Katika ukurasa mwingine andikeni majina ya ndugu waliopotezana nao, umri wao, na mahali walipoonana mara ya mwisho. Chama cha Msalaba Mwekundu hufanya kazi ya kuunganisha familia zilizotenganishwa na vita, na maelezo hayo ndiyo watakayoyauliza kwanza.

Mtoto aliyefika bila mzazi wala ndugu ni suala la Afisa Ustawi wa Jamii, na namba ya simu ya huduma kwa watoto, 116, hupigwa bure. Nasisitiza hili kwa sababu wapo watu wema wanaomchukua mtoto wa namna hiyo kwa moyo mweupe, na wapo wengine wanaomchukua ili achote maji na kulea watoto wao bila malipo, na kwa nje matendo haya mawili yanafanana. Kumwandikisha mtoto ofisini ndiko kunakoyatenganisha.

Hofu ya wenyeji

Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa na watu wenye silaha waliovuka mto, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Mtu wa Kitaya anayemtazama kijana mgeni kwa mashaka hakosi sababu, na mwongozo unaomwambia aache kuogopa haumtendei haki. Jambo la kumwambia ni kwamba mashaka yana mahali pake pa kupelekwa. Ukiwa na wasiwasi juu ya mtu, mpelekee mwenyekiti au polisi yale uliyoyaona kwa macho yako, na usiyapeleke kwenye kijiwe cha kahawa, ambako neno "gaidi" likitamkwa mara moja jioni huwa limekuwa ushahidi ifikapo asubuhi. Wavulana na vijana wa kiume ndio hubeba mzigo huu kuliko wote, ilhali wengi wao walikimbia ili wasilazimishwe kuingia katika makundi hayo yenye silaha. Uhakiki wa vyombo vya dola, ingawa huchosha, humsaidia mkimbizi wa kweli, kwa kuwa baada yake mwenyeji wake anaweza kusema mbele ya watu kwamba huyu ameshaandikwa na anajulikana.

Kuna njia moja ya kupunguza hofu ambayo haigharimu kitu: muite mtu kwa nasaba. Mwanamke aliyefika na watoto aitwe Mama fulani, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mwanaume mzee aitwe babu au mzee. Kijana aitwe mdogo wangu. Kama yeye ni Mmakonde, Mmakua au Myao, wazee wataanza kuulizana koo, na mara nyingi pembeni mwa mazungumzo hayo huibuka shangazi wa mtu fulani au soko la Mueda, Msumbiji, ambako baba wa mtu mwingine aliwahi kuuza chumvi. Mkimpa jina la "wale wakimbizi", hata mkiwa na nia njema, mtakuwa mmefunga mlango huo.

Saa, fedha na maneno

Mambo madogo ndiyo humchanganya mgeni kuliko makubwa. Chukua mfano wa saa. Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na katika vijiji vya karibu na mto simu hudaka mtandao wa upande wa pili na kujibadilisha saa yenyewe. Zaidi ya hapo, aliyesoma kwa Kireno amezoea kuhesabu saa kuanzia usiku wa manane, hivyo saa tatu asubuhi ya kwetu yeye huiita saa tisa. Mama mmoja aliyefikia kwetu alikosa kliniki mara mbili, akaambiwa kuwa ni mzembe, hadi tulipogundua kwamba aliambiwa afike saa tatu, akalitafsiri neno hilo kwa hesabu ya shuleni kwao na kuja alasiri wakati mlango umefungwa. Tangu siku hiyo tulimwelekeza kwa jua na kwa kengele ya shule, na hakuchelewa tena. Ukimpangia mtu miadi, mwulize arudie kwa maneno yake mwenyewe jua litakuwa wapi.

Kuhusu maneno, usidhani kwamba kila atokaye Msumbiji anajua Kireno au kwamba hajui Kiswahili. Wa pwani huzungumza Kimwani, lugha iliyochukua mengi kutoka Kiswahili. Wa bara wana Kimakonde na Kimakua, ambazo zina wenyewe Masasi na Newala. Akisema kapulana anazungumzia kitenge au kanga. Shima ni ugali. Matapa ni kisamvu kilichopikwa kwa karanga na nazi. Na machamba kila mtu ataitambua. Jikoni ndipo lugha hufunzwa haraka, kwa sababu kila neno lina kitu chake mkononi.

Fedha zinahitaji uangalifu zaidi. Anayefika na noti za metikali hajui thamani yake kwa shilingi, na wapo watu wanaomsubiri mtu wa namna hiyo. Mtafutie mtu mwaminifu amweleze kiwango cha siku hiyo, au mwende pamoja mahali halali pa kubadilishia, na muwe wawili wakati wa kuhesabu. Laini ya simu ni jambo jingine: kwa kuwa laini husajiliwa kwa alama za vidole, usimsajilie mtu laini kwa jina lako, hata kama unamwamini, kwa sababu litakalofanyika kwa laini hiyo utaulizwa wewe. Mpe simu yako azungumze na ndugu zake, na mwambie wazi ni saa ngapi za jioni simu iko huru, ili asione aibu kila siku kuomba.

Zahanati na shule

Swali la kwanza la afya, linaloulizwa faraghani na mtu mzima wa jinsia yake, ni kama alikuwa akitumia dawa za kila siku zilizokatika njiani. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI na dawa za kifua kikuu hazifai kukatizwa, na kila siku inayopita ina uzito wake. Mwanamke au msichana aliyebakwa njiani afikishwe kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa ya kukinga maambukizi ya virusi vya UKIMWI haina faida ikianzwa baada ya muda huo, na hata muda ukiwa umepita bado yapo matibabu mengine anayoyahitaji. Katika vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo ni mahali pa kwenda naye ikiwa mwenyewe ameamua hivyo. Uamuzi ni wake, na siri ni yake. Kadi ya chanjo iliyoandikwa Kireno isitupwe. Mhudumu ataona tarehe, na majina ya baadhi ya chanjo, kama BCG, ni yaleyale.

Shuleni, mwombe mwalimu mkuu asimweke mtoto wa miaka kumi na miwili darasa la kwanza kwa sababu tu hajui Kiswahili. Hesabu zake ni zilezile. Apewe karatasi ya hesabu afanye, na hapo kiwango chake kitaonekana. Ada ilifutwa kuanzia mwaka 2016 hadi kidato cha nne, lakini sare, madaftari na viatu bado ni vya mzazi, na hapa ndipo majirani watano wakichangiana hufanya kazi kubwa. Mtafutie pia mtoto wa rika lake atakayepita kumchukua kila asubuhi kwa mwezi mzima wa kwanza. Watoto wengi huacha shule kwa sababu ya njia ya kwenda na kurudi, ambako hutaniwa, kuliko kwa sababu ya masomo yenyewe.

Jembe na shamba

Tunapenda kusema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali ya haki, lakini aliyekimbia vita hawezi kulima hewani, na jembe bila mahali pa kulitumia ni lawama tu. Ukitaka kumpa eneo, nendeni kwanza kwa serikali ya kijiji, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka ardhi hiyo chini ya usimamizi wake na mtu asiye raia hawezi kuimiliki. Mpe la kulima mazao ya muda mfupi kama kunde, choroko, mtama au mboga, na muelewane mbele ya mashahidi kwamba hatapanda mikorosho wala miembe. Huo si ukatili. Kwetu mti wa kudumu ni dai la ardhi, na nimeona undugu wa miaka sita ukivunjika kwa ajili ya mikorosho kumi na miwili ambayo hakuna aliyeizungumzia ilipokuwa miche.

Ajira ya asiye raia inahitaji kibali, na mkimbizi hakuondolewa katika sharti hilo, kwa hiyo muulize mtendaji kabla ya kumwita mtu kibarua. Palipo na ruhusa, malipo yake yawe sawa na ya mwenyeji. Wakati wa kuokota korosho, kuanzia Oktoba, utawasikia watu wakijisifu kwamba wamepata vibarua wanaofanya kazi kwa chakula tu. Jambo hilo ni dhuluma kwa mgeni, na ni dhuluma pia kwa mwenyeji maskini ambaye bei ya jasho lake imeshushwa, na chuki nyingi dhidi ya wageni huanzia hapo.

Mwache naye atoe. Kukiwa na msiba, mwiteni apepete mchele, achote maji, abebe jeneza pamoja na wengine. Mama niliyemtaja, yule wa kliniki, alikaa kwetu miezi miwili akipokea tu, akiinamisha kichwa kila alipopewa sahani, hadi siku aliyokufa mzee wa jirani, mtu mmoja alipomtupia ungo na kumwambia, "Mama, wewe unakaa tu, hawa watakula nini?" Alifanya kazi hadi usiku, na siku ya pili alitusalimia kwa sauti ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia.

Kuhusu wafu wake mwenyewe, msimwekee matanga kabla hajakubali kwamba wamekufa. Asiyezika huendelea kungoja, na siku akiwa tayari atauliza mwenyewe habari za dua au misa.

Wakihamishwa

Usimwahidi mtu kwamba atakaa kijijini kwako. Uamuzi wa mahali pa kukaa waombaji wa hifadhi ni wa serikali, na sheria inaruhusu wahamishiwe maeneo yaliyotengwa. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko Kigoma, upande wa pili kabisa wa nchi. Mweleze jambo hilo mapema, kwa utulivu, ili lori likija lisimkute kama mtu anayekamatwa kwa mara ya pili. Hakikisha daftari la majina liko ndani ya mzigo wake na nakala yake imebaki kwako, dawa zake zinatosha siku kadhaa za safari, barua ya mwalimu na kadi za kliniki zimo katika mfuko wa plastiki, na namba yako ya simu imeandikwa mahali pawili, mahali pamoja pakiwa upindo wa nguo ya mtoto mkubwa. Kama alikuwa na kunde shambani, zivune zikikomaa, uziuze mbele ya shahidi, umtumie fedha yake.